Mkaguzi na Nusu Yake

Shoga, siamini! Mkaguzi kaingia leo darasani kwa dada, kakuta watoto wamekaa vikundi vikundi, wanabishana jinsi ya kujumlisha nusu na theluthi. Eti, "Hili darasa au soko?"

Akampokonya dada chaki, akaandika ubaoni kwa mbwembwe: 1/2 + 1/3 = 2/5.

MBILI YA TANO, shoga! Mtu mzima na tai yake!

Dada hakuthubutu kumsahihisha, maana huyo bwege ndiye anayeamua kama atathibitishwa kazini.

Kasichana kamoja kakasimama, kakamuuliza mkaguzi: "Samahani mwalimu, nusu umeiongezea, mbona imepungua?"

Jamaa kaangalia saa, kaondoka.

Ripoti imefika jioni: "Mwalimu athibitishwe, ila wanafunzi wake wanahoji mno."

Wanahoji mno! Ile 2/5 yake hakuiandika humo, mshenzi.