Ukali wa Ng'ombe wa Chebunyo

Jumatatu, 3 Machi
Chai ya rangi, bila sukari. Wachumaji wa majani chai wamepita mapema. Ng'ombe tuliyemnunua Chebunyo amempiga teke tena Chelangat, mke wa mwanangu. Maziwa yote chini. Kiprono, mwanangu, anasema ng'ombe ana unyama. Ijumaa mchinjaji atamchukua.
Sikulipenda neno hilo. Unyama naujua. Waliotufukuza kwetu ng'ambo, kabla hatujahamia hapa, walikuwa wakicheka huku ghala letu likiungua. Ng'ombe huyu hana kicheko.

Jumanne, 4 Machi
Nimekaa zizini kutwa. Ng'ombe anatazama upande mmoja tu, nyuma ya jikoni, tulikomfunga ndama. Ndama akilia, mama anapiga mbao kwa pembe hadi zinapasuka.
Hapa Mogogosiek ndama hutengwa, hunyweshwa kwa ndoo. Kule Chebunyo hunyonya kwanza, kisha husimama mbele ya mama alambwe wakati wa kukamua. Tumemleta ng'ombe, desturi yake tukaiacha kule. Hali hiyo naifahamu.
Huu ni ukali. Unyama huumiza tu. Ukali una kitu unachokilinda.

Jumatano, 5 Machi
Nimewaambia. Kiprono amecheka: nimesoma vitabu vingi, ng'ombe hajasoma hata kimoja. Chelangat, goti limevimba, hakucheka. Nimeomba asubuhi moja ya kumjaribu akiwa na ndama. Chelangat ndiye aliyejibu:
"Sawa, Baba. Lakini akinipiga tena, mtakamua nyinyi wawili."
Nimeogopa.

Alhamisi, 6 Machi
Tumemfungua ndama. Akakimbia, akajikwaa, akanyonya huku akimgonga mama kiwele. Kisha nikamshika mbele ya mama. Mama akamlamba shingo, akanilamba na mkono. Ulimi kama msasa. Chelangat akachuchumaa. Nilifumba macho.
Hakuna teke. Nikasikia maziwa yakigonga ndoo, kisha sauti ikawa nzito, ndoo inajaa. Povu likamwagikia gambuti zake.
Chelangat hakugeuka. "Kiprono, mpigie mchinjaji. Mwambie huyu ni mkali tu, na hatumuuzi."
Kiprono akapiga simu hapo hapo. Mimi nimeruka zizini, mzee mzima, kofia mkononi. Sijafurahi hivi tangu tuhame. Tumeshinda. Naandika tena: tumeshinda.

Ijumaa, 7 Machi
Mvua ya kwanza. Majani chai yanang'aa hadi kule bondeni. Mbwa wa jirani alimsogelea ndama. Mama aliinamisha pembe mara moja tu, mbwa akaenda zake, naye akarudi kulamba.
Kiprono aliona akiwa mlangoni. Amemwongezea ng'ombe majani ya nepia.