Usimtumie Solange Hata Senti

Le Puech-Haut,
Cantal, Ufaransa.
9 Novemba.

Mpendwa binamu yangu Noëlie,

Pokea salamu nyingi kutoka huku mlimani. U hali gani? Kifua kimepoa, au baridi ya Kanada bado inakusumbua? Mimi mzima, ila goti la kushoto linalalamika kila nikishuka ngazi, na kaka yangu Amédée ananiambia nipunguze jibini. Utadhani jibini linakaa gotini! Soksi ulizonitumia ninazo miguuni sasa hivi. Ahsante sana, na ahsante zaidi kwa bahasha yake, maana ndiyo iliyonipa anwani yako mpya. Utaona kwa nini.

Noëlie, kaa chini kwanza. Barua pepe ulizopata kwa jina langu tangu mwezi uliopita sikuandika mimi. Usizijibu. Nilitaka kukupigia, lakini namba yako mpya imo humo humo kwenye barua pepe yangu, na siku hizi haifunguki kwangu. Amédée naye hana namba yako. Ndiyo maana naandika kwa mkono, kama enzi za bibi yetu.

Unalikumbuka gari langu la kuzungushia mikate vijijini. Mwezi wa saba injini ilikufa, fundi akatikisa kichwa. Benki, kijana mmoja mwenye tai akaniambia kwa miaka yangu sitini na moja mkopo hauwezekani. Na Fernande, ana miaka tisini yule, kila Jumanne alikuwa anasimama getini kusubiri honi yangu. Iliniuma sana kumwona pale na mimi sina cha kumletea.

Ndipo nikampata kwenye mtandao Bwana Desmoulières, mgane mstaafu, anayekopesha watu pesa zake mwenyewe. Najua unachosema hapo ulipokaa: "Solange, na ujanja wako wote!" Ndiyo, na ujanja wangu wote. Alinitumia mkataba wa kurasa sita wenye mihuri ya wakili. Nikausaini. Akaurudisha! Sikuweka herufi za jina langu kwenye kila ukurasa, na mwishoni sikuandika kwa mkono wangu "Nimesoma na nimekubali". Alinikaripia kama wale wa ofisi ya mkoa. Basi moyo wangu ukatulia pale pale. Mwizi gani anahangaika na herufi za kila ukurasa? Nikaandika, tena kwa mwandiko mzuri, nikatuma pamoja na picha ya kitambulisho changu.

Kisha zikaja ada. Kwanza ya bima, halafu ya stempu, halafu kodi ya kuvusha pesa. Kila mara mkopo ulikuwa umeshatoka, umebaki hatua moja tu. Alitaka nilipe kwa kuponi za malipo ya mtandaoni, zile zinazouzwa duka la sigara, nimtumie namba zake. Duka lenyewe ni la Josiane. Nilimdanganya kuwa ni za mpwa wangu, lakini Josiane hawezi kuona kitu akanyamaza.

"We Solange, kuponi tena? Huyo mpwa wako anacheza michezo ya kompyuta au anajenga ghorofa?"

"Uza tu, Josiane. Umbea peleka kanisani."

Mara ya tano alikataa kuniuzia. Aliniangalia machoni akasema, "Unaibiwa, shoga yangu." Nikatoka nimenuna, nikaazima gari la Amédée, nikaenda mjini Aurillac kununua kwa mtu asiyenijua. Hapo sikuwa nimedanganywa tena, Noëlie. Nilikuwa najua. Lakini nikiacha, yote niliyokwisha kulipa yamepotea, na nikilipa mara moja zaidi, labda. Hiyo labda ndiyo iliyonifunga.

Mwishowe nikaenda polisi. Askari alikuwa mpole. "Mama, pesa hizo ndiyo zimekwenda. Mtu akikuomba tena hata senti moja, usimpe." Nikaitikia kwa adabu. Wiki moja baadaye akanipigia bwana mwingine, sauti nzito, akasema yuko kikosi cha kurejesha pesa za waliotapeliwa. Tapeli wangu kakamatwa, pesa ipo, imebaki ada ndogo ya jalada. Nikalipa. Tena nikampa na namba ya siri ya barua pepe, eti kwa uchunguzi. Kumbe ni walewale! Naona aibu hadi masikio yanawaka.

Sasa linalokuhusu wewe. Juzi Desmoulières alinitumia ujumbe kwenye simu. "Binamu yako ana roho nzuri kuliko wewe," ameandika, na chini yake kaweka jibu lako, maneno yako kabisa, kwamba mwisho wa mwezi, mauzo ya nyumba ya marehemu Lucien yakishalipwa, utanitumia zote. Zikifika, anasema, mkopo wangu unafunguliwa siku hiyo hiyo. Ila ninyamaze.

Nakwambia ukweli, unichukie ukitaka. Nilinyamaza. Siku mbili nzima nilikaa jikoni nikipanga: Noëlie akituma, gari linapatikana, nitamrudishia kidogo kidogo, hatajua. Pesa ya nyumba ya mumeo, ambayo ndiyo uzee wako wote! Nilijua ni uongo na bado nilikuwa napanga rangi ya gari. Leo asubuhi nimeinama kuvaa hizi soksi zako nikashindwa kuinuka. Nimelia mpaka basi. Kisha nikachukua kalamu.

Stempu ameniuzia Josiane, naye safari hii hakuuliza kitu. Jumanne yeye ndiye anayempelekea Fernande mkate. Gari langu liko bandani, kuku wamehamia.

Simu bado ninayo na bado inalia. Tangu nimeanza barua hii imelia mara nne, na mara zote mkono umetaka kwenda wenyewe. Sijioni kama mtu aliyepona. Kwa hiyo sikuombi msamaha leo, nakuomba kitu kimoja. Hapo chini nimekuachia nafasi. Jaza, kata kipande hicho, unirudishie kwa posta, nikibandike ukutani juu ya simu.

Nisalimie Thérèse na mumewe, na mbusu mjukuu wako mpya ambaye sijamwona. Amédée anakusalimu, na anasema jibini lako lipo siku ukija. Mungu akulinde na watu wabaya, na akulinde na mimi pia.

Ni mimi, kwa mkono wangu mwenyewe, nikupendaye tangu utoto wetu,

Solange

. . . . . . . . . . . . . . . . . . . . . . . . . . .

Mimi Noëlie sitamtumia Solange hata senti: hata akiandika, hata akinipigia simu analia, hata kama anayelia ni Solange mwenyewe kweli.

Andika hapa kwa mkono wako "Nimesoma na nimekubali":

. . . . . . . . . . . . . . . . . . . . . . . . . . .