Ovaroli Lisilo na Doa

Basi hilo ovaroli la babu yako mimi ndiye nilikuwa nalifua, kila jioni. Andika hivyohivyo, Rehema mjukuu wangu. Na uandike leo mvua tangu alfajiri, magoti yananiuma, hata chai siitaki.

Babu yako kaachishwa kazi gereji. Enzi zile za Ujamaa ukikutwa mjini huna kazi, unapakiwa lori, unapelekwa shamba. Kwa hiyo asubuhi namfungia chumbani, kufuli kwa nje ionekane hamna mtu, naenda zangu. Jioni naanika ovaroli lake uani, wapangaji wote waone mwanamume katoka kazini.

Mimi nilikuwa ushirika wa akina mama, hapahapa Kariakoo, tunashona sare za shule. Mchana tunakula sinia moja, kila mtu anatoa la kwake: mume kalewa, wifi kanuna. Mimi nacheka tu. Wakaniita Bi Kufuli. Wangejua!

Kunyamaza kunachosha kuliko cherehani.

Ningesemaje? Jirani yangu wa cherehani ni Mama Zuhura, tumepanga nyumba moja, na mumewe ndiye balozi wa nyumba kumi. Mgambo wakija, yeye ndiye anaulizwa nani hana kazi.

Na sabuni ilikuwa ya kugombania. Foleni yake ilinipotezea kiatu, kiatu changu kizuri cha Idi... tuyaache.

Jioni moja Mama Zuhura kanikuta uani. Kashika ovaroli, kaligeuza huku na huku.

"Shoga, shemeji fundi gereji gani huyu hapati hata doa?"

Nikainamia beseni langu.

Akalichomoa kambani. Nikajua tumekwisha, analipeleka kwa mumewe. Kumbe kaenda kwenye baiskeli ya mumewe, akasugua nalo mnyororo mpaka likajaa grisi. Akanitupia.

"Haya, sasa fua. Hata kudanganya hujui, Bi Kufuli wewe!"

Hatukulizungumza tena jambo hilo, mpaka babu yako akapata kibarua bandarini.

Sasa wewe Rehema unaniuliza, wenzako huko ofisini Posta uwaambie mumeo hana kazi, au unyamaze. Sijui, mama. Nilinyamaza mpaka nikachakaa, na aliyenisitiri ni yuleyule niliyemwogopa. Ningemwambia mapema, je? Au angalau yeye pe...

Nani? Maji yametoka? Nakuja jamani, niwekeeni ndoo yangu kwenye foleni!