Simu Yako Imebaki kwa Furaha

Baba Furaha,

Sijui kama barua inafika pale uliko. Minye naandika tu, polepole, vile mukono unakubali. Unajua niliachiaga masomo mwaka wa tatu wa primeri.

Sisi tuko. Mutoto wa Furaha ameota meno mawili ya chini. Ile homa yako haikushika muntu mwingine humu nyumbani. Ninapika, ninafagia, ninakula. Watu wanasema Mama Furaha ana nguvu. Si nguvu. Ni kama mukono wenye umeulalia: unauona ni wako, lakini hausikii kitu.

Nikuelezee mambo ya simu, maana najua ungeuliza hiyo kwanza.

Siku ya kuondoa matanga, ndugu zako walikaa uani wakagawanya vitu vyako kama desturi. Koti ilienda kwa mukubwa wako. Viatu havikumuenea muntu, wakacheka kidogo, na minye nikacheka. Kisha Musafiri, mudogo wako, akanyoosha mukono juu ya simu. Akasema simu ni ya kazi, wateja wako wote wa samaki wa ndagala wamo, wa Luberizi, wa Katogota, wa Lubarika. Bila hiyo, biashara imekufa na weye.

Nikasema, "Shemeji, na masomo ya Furaha?"

Dada yako akapiga makofi. "Masomo gani? Mwenye kunyonyesha anasoma nini? Ao ni wanaume tena wako mu simu?" Wakacheka sana. Furaha alikuwa anaosha masufuria. Sikuona uso wake. Niliona tu mikono imesimama.

Hao hawakuwa hapa siku prefe, mukubwa wa shule, alimurudisha Furaha juu ya mimba akisema shule yake si materinite. Hawakujua vile ulikaa miezi bila kumuita jina, unasema tu "huyo". Na hawakukuona asubuhi ile uliposikia kwa jirani kwamba kuna mwalimu, Madame, anafundisha kwa WhatsApp wasichana wenye shule imewakataa. Ulitoa simu mufukoni, ukaiweka mbele yake kwenye mukeka. "Shika. Usiiangushe mu maji." Basi. Tangu hapo wateja walikuwa wanakutafuta muchana wanakukosa, na jioni unawaambia, "Simu ilikuwa shuleni."

Namba yako ndiyo Madame anaijua. Ndiyo iko mu grupe ya masomo. Basi nikasema neno lenye sikulipanga: "Musafiri, chukua wateja wote. Uniachie simu."

Akaniangalia kama naumwa. "Mama Furaha, mutakula nini?"

Sasa nakaanga mandazi barabarani. Siku zingine yanaisha, siku zingine tunayala sisi wenyewe.

Furaha akapangusa mikono, akakaa na baba yake mudogo, mutoto mugongoni, akamusomea majina yote ya wateja na namba zao, Musafiri anayaingiza mu simu yake. Weye uliwapaga majina yako: Muzee Punguza, Mama Nitalipa Kesho. Watu wakacheka tena. Furaha hakucheka. Alisoma kwa ile sauti yake ya shule, mpaka jina la mwisho. Nikaona kazi yako yote imetoka mu mukono huu imeingia mu ule.

Wengine bado wanapiga, wenye hawajasikia. Wanapiga katikati ya hesabu. Natoka nje na simu, nawaambia umekufa. Wanalia. Nawatuliza, kisha narudisha simu ndani. Furaha anauliza tu, "Nani, Mama?" na anaendelea na somo.

Madame anasema anaweza kuingia mu egzeta, ule mutihani wa serikali, pamoja na wale wenye kujifunza wenyewe nyumbani. Naogopa kila kitu. Naogopa umeme utakatika siku simu haina moto wa chaji. Naogopa mutoto ataitia mudomoni. Naogopa Musafiri atabadilisha mawazo. Furaha ananiambia, "Mama, tulia, unanipotezea somo."

Baba Furaha, nakuaga. Lala vizuri upande huo. Bado sijakulilia. Dada yako alinilaumu kwa hilo, na wanawake wa kanisa wananiangalia sana machoni. Usikasirike. Tuko na chumba kimoja, na Furaha akisikia mama yake analia, atafunga simu, aje akae karibu yangu, na somo litapita. Namujua. Basi nakuahidi: siku atatoka mu mutihani wa mwisho, nitafunga mulango, nikulilie yote, mpaka ndugu zako wasikie kule kwao. Mpaka siku hiyo, univumilie.

Bibi yako,
Mama Furaha