Yule Mfaransa wa Dirishani

Mama yangu mpenzi,

Nimetoka sinema sasa hivi. Nimemwona tena yule Mfaransa wako, yule mwigizaji.

Unakumbuka ulivyompata? Ulikuwa umerudi kutoka ile nyumba ya wazee ulikokuwa ukiwaosha na kuwalisha, ukawasha televisheni pale fleti yetu ya ugenini, Edmonton, huku ukivua viatu. Akatokea yeye, amekaa mezani, hasemi neno. Ulibaki na kiatu kimoja mguuni mpaka filamu ikaisha. Kifaransa hukijui, na maandishi ya Kiingereza yalikuwa yakipita kabla hujayamaliza. Nilipotaka kukusomea ukanikataza. "Sitaki maneno, mwanangu. Mtazame uso."

Tangu hapo ulizifuata filamu zake miaka yote. Ulimjua akiwa msichana wa kulia na kupiga makelele, ukamwona akiwa mke, muuaji, mjane. "Zamani alikuwa akiigiza kwa mikono," uliniambia. "Siku hizi ananyamaza tu, sisi tunaomtazama ndio tunahangaika." Sijasoma gazeti lililomweleza vizuri kuliko hivyo.

Kisha ukanunua kanda ya ile filamu yake ya mwanamke anayesimama dirishani. Kila alasiri ulifunga mapazia ukaiweka. Siku moja nikakusikia ukisema, "Haya, nakuja."

"Unazungumza na nani, mama?" Nilikuuliza kwa Kiingereza, kama kawaida yangu.

"Na huyu hapa. Kageuka, kaita."

Nikacheka. Ukanishika mkono, ukairudisha kanda nyuma, ukanikalisha. "Hebu ngoja."

Tukangoja. Alisimama dirishani, katupa mgongo. Halafu akageuka polepole, akatutazama. Midomo yake ikacheza bila sauti.

"Umemwona?"

"Sijaona kitu," nikasema.

Kesho yake, ulipokuwa kazini, niliichukua kanda nikaipeleka duka la mitumba. Nikakwambia imenasa kwenye mashine ikakatika. Hukunigombeza. Lakini kwa wiki nzima ulikaa mbele ya televisheni iliyozimwa, ukiitikia. Mwezi haukwisha, moyo wako ukasimama pale pale kwenye kochi, chai yako bado ya moto.

Leo, miaka kumi baadaye, sinema moja mjini imeonyesha filamu zake. Sasa ana mvi, picha yake imebandikwa mlangoni, watu wanapanga foleni. Mimi nilifuata ile ya dirishani tu.

Mama, hageuki. Nimeitazama mara mbili. Anasimama, nje mvua inanyesha, picha inaisha na mgongo wake. Nikamuuliza mzee mmoja aliyekaa karibu nami, aliyesema anaijua tangu ilipotoka. "Hageuki hata mara moja," akanijibu. "Ndio uzuri wake."

Basi nikwambie nilichokuficha. Kanda haikukatika. Na siku ile nilimwona, kama ulivyomwona wewe. Alipogeuka hakukutazama wewe, alinitazama mimi, na jina lililokuwa midomoni mwake lilikuwa langu.

Sijui kama ulilisoma. Wewe uliyesema hutaki maneno, ulijua kusoma uso. Labda ulijua anamwita nani, ukaitikia wewe badala yangu, ukaenda wewe.

Nataka kukushukuru, mama, na naogopa kukushukuru. Pumzika huko uliko.

Ni mimi, mwanao wa pekee.