Miiba ya Mahongole

Wewe uliyeliokota daftari hili, lifunge. Ukishindwa, soma kimya, na kilichomo kikae tumboni mwako. Usimsimulie hata mkeo. Mimi ni karani wa boma la Njombe, nakula kwa Serikali, na humu wamo watu watakaoumia kwa neno moja likisemwa mbele ya asiyestahili.

Jumatatu, 3 Agosti. Njombe.

Baridi. Wino mzito, nimeupasha moto kwa kuweka kichupa kwapani. Tangu asubuhi napiga chapa orodha ya vitu vya wageni. Vitanda vya kukunja. Vyandarua. Kwinini. Chujio la maji. Beseni la turubai la kuogea memsabu. Viazi vya Ukinga, vikubwa vitupu.

Wageni ni rafiki wa Bwana Shauri, mkuu wetu Mzungu wa boma, aliyesoma naye kwao, na mkewe. Memsabu aliugua sana mwaka jana, daktari amemwambia atafute hewa safi na utulivu. Watapiga kambi karibu na Mahongole, upande wa Makambako, watazame pundamilia na ndege.

Bwana Shauri alisimama nyuma yangu akisoma karatasi. "Salama na raha, Zakaria. Hayo mawili tu."

Salama. Jumbe wa Mahongole ameleta habari zaidi ya mara moja tangu Pasaka. Mtu kaenda kisimani, hakurudi. Mtu kaenda kufungia mbuzi, hakurudi. Huku kwetu jina la yule anayechukua watu halitajwi. Ukilitaja umemwita. Mimi nimebatizwa, nimesoma shule ya misheni, najua ni mnyama tu mwenye meno. Lakini siku nilipochapa "simba" ndani ya faili niliifunika karatasi haraka. Humu nitaandika yule.

Mzee Saidi, karani mkuu, mtu wa Bagamoyo, aliniona nikiifunika akacheka hadi machozi. "Kijana mzima, Kiingereza anakimwaga kama maji, anaogopa paka!" Lakini nimeona kwamba yeye hajaomba kwenda Makambako.

Nakwenda mimi. Mkalimani. Nitakaa kambini mpaka wageni waondoke. Dada yangu Rahabu ameolewa Mahongole, hiyo ndiyo furaha yangu pekee katika jambo hili. Naogopa.

Jumatano, 5 Agosti. Mahongole.

Lori limetushusha salama. Kambi iko juu ya kijito, mahali pa wazi, pazuri. Wapagazi ni vijana wa hapa hapa. Tumesimamisha mahema.

Jua likiwa bado juu nilikwenda kwa dada. Mumewe yuko Tanga, mkonge, mkataba haujaisha. Anaishi na watoto wawili na mama mkwe.

"Kamwene, dada."

"Kamwene, Bwana Karani. Ingia upesi, nisije nikakufungia nje ukaliwa pamoja na viatu."

Uzio wake ni miiba ya migunga, unapita kichwa cha mtu. Shemeji aliukata kabla hajaenda Tanga. Umekauka, umeshikana kama nywele zisizochanwa. Hata paka hapiti. Mlango ni tawi moja kubwa. Jioni unalivuta kutoka ndani kwa kushika shina, linajaza pengo. Shina amelizungushia kitambaa ili lisimchome mkono. Nilikitazama kile kitambaa nikacheka. Kaptula yangu ya shule.

Jirani yake, Mzee Ndelwa, mchonga mizinga ya nyuki, alichungulia penye pengo la mlango. "Huyu ndiye karani wenu? Mbona mwembamba hivi? Serikali haimlishi? Usiogope, mwanangu, yule akikuona atakuacha kwanza unenepe." Watoto wa dada walicheka wakaanguka chini. Nami nilicheka. Nilirudi kambini nikikimbia.

Alhamisi, 6 Agosti.

Bwana Shauri amekuja na askari wake kukagua, naye atakaa nasi kambini. Ameridhika na mahema. Ameridhika na choo. Kisha akauliza, uzio uko wapi? Hataki bunduki zionekane mbele ya memsabu, zitamtia hofu. Anataka uzio wa miiba, mnene, mrefu, kuzunguka kambi yote. Keshokutwa wageni wanafika.

Jumbe aliitwa. Alisema migunga iko bondeni, mbali, na bondeni ndiko anakolala yule. Watu hawatashuka. Kukata, kukausha, kubeba, ni kazi ya mwezi.

Nilitafsiri yote. Kwa Kiingereza niliweza kulitaja jina lake bila kutetemeka. Ajabu.

Bwana Shauri alisema uzio uwe umesimama kabla wageni hawajafika. Namna ya kuupata ni kazi ya Jumbe, ndiyo maana Serikali imemweka. Nikatafsiri na hilo. Jumbe hakumtazama Bwana Shauri. Alinitazama mimi. Akasema, "Sawa."

Sipendi ile sawa yake.

Ijumaa, 7 Agosti.

Miiba imefika. Mapema mno.

Walikuja asubuhi, wanaume na wanawake, mafungu kichwani. Hakuna aliyeimba. Miiba mikavu, ya kijivu. Nilidhani, wamebahatika kupata migunga iliyoanguka. Kisha nikaona manyoya ya kuku yamenasa kwenye fungu moja. Fungu la pili lilikuwa na kipande cha kaniki. Mgunga wa porini hauvai kaniki.

Halafu kijana mmoja akapita na tawi kubwa, shina limezungushiwa kaptula yangu.

Wamevunja uzio wa nyumba zao. Jumbe amewaagiza wavunje, upande wote unaotazama kijito, kwa dada, kwa Mzee Ndelwa, kwa wote.

Nilikwenda kwa Bwana Shauri. Nilimwambia waziwazi. Si mtu mbaya, alishtuka. Akamwita Jumbe, akamuuliza kupitia kinywa changu, je, miiba hii imetoka majumbani?

"Imetoka porini, Bwana," akasema Jumbe.

Jasho lilikuwa likimtoka. Akikiri, ameiba mali ya watu wake. Akirudisha, ameshindwa kazi ya Serikali. Nilitafsiri: imetoka porini. Nikaongeza, Bwana, anaogopa, anadanganya. Bwana Shauri alisema hawezi kuchukua neno la karani juu ya neno la Jumbe, na kwamba nimechoka. Akanipa sigara. Sivuti.

Jumamosi, 8 Agosti.

Wamefika. Memsabu mweupe kama karatasi, anatembea polepole, anamsalimu kila mtu. Amefurahia beseni. Amefurahia viazi. Amefurahia uzio kuliko vyote, ameuzunguka wote akiupiga picha.

Jioni alitaka kuona jinsi mlango unavyofungwa. Aligusa kile kitambaa kwenye shina. Alimwambia mumewe, tazama, hata mkono wangu wameufikiria.

Nilikuwa hapo.

Mimi nalala ndani ya uzio, kwenye lori. Niko salama. Dada amejifungia na watoto na mama mkwe ndani ya kibanda ambacho mlango wake ni matete. Nimemwomba aje alale kambini. Alicheka bila furaha. "Nije nilale wapi, kitandani kwa memsabu?"

Jumapili, 9 Agosti.

Asubuhi tumekuta nyayo.

Zinatoka kijitoni. Zimefuata uzio, upande kwa upande, zimerudi tena. Mahali pamoja, karibu na hema la memsabu, amekaa. Majani yamelala. Kisha zimeacha uzio, zimeshuka kuelekea Mahongole.

Bwana Shauri alizitazama. Aliagiza zifagiliwe kabla memsabu hajaamka. Nikashika ufagio mwenyewe, maana wapagazi walikataa kuzigusa. Kila unyayo ulikuwa mkubwa kuliko kiganja changu.

Kwenye chai memsabu alisema hajalala vizuri hivi tangu augue.

Mahongole hakuna aliyechukuliwa. Mbwa wawili hawaonekani. Bwana Shauri amepeleka habari Iringa, Bwana wa wanyama aje na bunduki yake. Yuko safarini. Atakuja akirudi. Lini, hakuna anayejua.

Nimeomba tena miiba irudishwe. Jibu, Jumamosi ijayo, wageni wakishaondoka. Siku chache tu, Zakaria.

Nilijaribu kusali. Nikajikuta nasikiliza.

Jumatatu, 10 Agosti.

Mzee Ndelwa.

Nimeambiwa na Rahabu, amekuja hadi kwenye uzio wa kambi, akasimama nje. Yule alipita pale ambapo zamani palikuwa na miiba. Alikwenda kwanza kwenye mlango wa dada. Dada alimsikia akivuta pumzi kwenye matete. Aliwaziba watoto midomo kwa mikono yake yote miwili. Mzee Ndelwa naye alisikia. Akaanza kugonga mzinga kwa shoka, kwa nguvu, akimtukana yule, akimwita mwizi, mvivu, mla wazee. Alimwita kwa jina lake. Mtu ambaye maisha yake yote hajalitaja.

Yule akageuka.

Rahabu hakulia. Alinyoosha kidole kwenye tawi la mlango. "Mdogo wangu, leo atarudi. Na wewe utalala ndani ya mlango wangu."

Nilikwenda kwa Bwana Shauri mara moja. Alivua kofia. Aliketi. Alisema ni jambo la kusikitisha sana, nami naamini alisikitika. Lakini memsabu asiambiwe, moyo wake ni dhaifu. Na uzio hauwezi kuondolewa sasa hasa, si naona mwenyewe jinsi hatari ilivyo?

Naona.

Nimempeleka dada, mama mkwe na watoto nyumbani kwa mchungaji, mbali na kijito. Wamejazana huko watu wa nyumba nyingi, hadi ukumbini. Ni kwa leo tu. Mbuzi wamebaki, mahindi yamebaki, na wazee wasioweza kutembea nao wamebaki.

Jumanne, 11 Agosti.

Nimefanya.

Baada ya chakula cha mchana wageni waliondoka na lori kwenda kutazama pundamilia. Bwana Shauri na askari pamoja nao. Kambini tulibaki mimi na wapagazi.

Sikupanga. Nilikuwa nahesabu sahani. Niliziweka chini, nikaenda mlangoni, nikashika tawi la dada pale penye kaptula yangu, nikalivuta. Lilikuwa zito kuliko nilivyodhani. Nikaliburuta kushuka kijitoni, kuelekea kwa dada. Miiba ilinichana mgongo na shati la kazi. Sikuita mtu. Sikuamuru mtu. Nataka hili lieleweke.

Nilipogeuka, wanakuja nyuma yangu. Wote. Kila mmoja na fungu la kwao. Walikuwa wanayajua mafungu yao, kila mtu anaujua mwiba wake. Mmoja alisema, "Karani, unabeba kama mwanamke wa kizungu, inua kichwa." Tukacheka. Majina yao siyaandiki hata humu.

Wanawake walitoka kwa mchungaji wakakimbia kutusaidia. Tulipanga hadi lori likasikika kilimani. Miiba ya Mzee Ndelwa hatukuisimamisha kwake. Tuliigawa kwa wanaokaa kando yake.

Wageni walikuta mahema yamesimama peke yake uwanjani. Memsabu aliniuliza, kwa upole, uzio wetu umekwenda wapi? Nilimwambia, umekwenda kwao. Alitazama Mahongole, akatazama mahali pa mlango. Akauvuta mkono wake ndani ya mkono wa koti.

Bwana Shauri hakupiga kelele. Alisema tu, "Nilikuamini na maisha yake." Hilo limenichoma kuliko miiba. Alikuwa na haki ya kulisema. Jua likiwa bado lipo, aliwapakia wote kwenye lori akawarudisha Njombe, kwenye nyumba ya boma yenye ukuta wa mawe na vioo. Nyumba hiyo ilikuwepo siku zote.

Mimi sikupanda.

Ijumaa, 14 Agosti.

Tarishi ameleta maneno ya Bwana Shauri. Nirudi ofisini Jumatatu, niwataje waliovunja kambi ya Serikali. Nikiwataja, yangu yatasamehewa. Nisipowataja, ataleta askari.

Tarishi aliongeza ya Mzee Saidi: "Mwambie Zakaria kiti chake nimekikalia mimi, kisipate vumbi." Nikamwelewa, ananishikia nafasi yangu. Nilitaka kulia.

Yule hajaonekana. Nyayo tu, kijitoni, kila asubuhi. Sasa zinazunguka huku kwetu. Miiba mingi ilivunjika kwa kubebwa mara mbili, uzio umekuwa mwembamba. Kuna mahali mchana naweza kuona ng'ambo.

Jumapili, 16 Agosti. Mahongole.

Ibada asubuhi. Tumemwimbia Mzee Ndelwa. Mizinga yake wameichukua watoto wa kaka yake.

Sitakwenda kesho. Sitawataja. Nitakaa hapa hadi shemeji arudi kutoka Tanga, au hadi waje kunichukua. Dada anasema nimejifunza kuvuta tawi vizuri. Bado nina hofu. Imekaa tu mahali pamoja, haitembei.

Mwenye kunitafuta, awe askari, awe mtu mwema, na afanye hivi. Aje mchana. Kutoka Makambako afuate njia ya Mahongole hadi kijito, avuke penye mawe, asikate njia kwenye nyasi ndefu hata kama ni fupi zaidi. Atauona uwanja wa wazi wenye majivu, palipokuwa kambi. Nyumba iko chini yake, yenye uzio mwembamba. Asiuguse. Asimame mbali kidogo aniite kwa jina, mara mbili. Mara moja hatutaitika.

Akisikika ni mtu, nitafungua mwenyewe. Kitambaa kiko upande wa ndani.