Picha Yangu Uliyonirudishia

Mpendwa Dada Consolata,

Shikamoo dada. Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini hapo Sofu mmeamka salama, wewe, shemeji na watoto. Huku Ugiriki kazi ya bustani inaendelea na baridi imeanza kuuma vidole. Mwili wangu ni mzima ila moyo si mzima, na aliyeniumiza ni wewe, kwa hiyo sitazunguka.

Unavikumbuka vile vitunguu vitano vya maua, vya kupanda si vya kula, nilivyokuja navyo likizo mwezi wa sita. Bosi wangu, Mzee Yani, alivitoa kwenye vichache alivyo navyo, maana hata huku si kila mlima unavyo. Nilivipanda mwenyewe kwenye chungu chenye mchanga na kokoto, nikakiweka barazani chini ya paa. Nikakuambia, Dada, havina jani lakini havijafa. Vinataka kiangazi kikavu kabisa, visiguswe hata na kikombe cha maji mpaka mvua za vuli, ndipo vitoe ua la njano kwenye udongo mtupu. Nilitaka Mama, unayekaa naye hapo, alione, kwa kuwa hawezi kuja huku kuona ninachofanya.

Kila wiki nilikuuliza, nawe ukajibu, "Vipo, usiwe na wasiwasi." Wiki iliyopita ukanitumia picha, ua la njano limefunguka. Nililia kwa furaha, nikakimbia kumwonyesha mzee mbele ya wenzangu wote. Akavaa miwani, akanyoosha kidole pembeni mwa picha. Ilikuwa ncha ya kiatu chake, kile chenye kamba nyekundu. Ulinitumia picha ya huku bustanini niliyokutumia mimi mwenyewe mwaka jana! Nilitamani ardhi ipasuke.

Nilipokupigia ukacheka. "Jamani Agnes, hasira zote hizo kwa ajili ya vitunguu? Nilimwagilia kila jioni, vikaoza. Ningeacha zawadi yako ikauke barazani majirani wangenisemaje? Sikutaka uumie, ndo maana."

Kuoza nimekusamehe. Hata mimi nilipofika hapa niliozesha trei nzima kwa huruma hiyohiyo. Lakini ulikaa, ukaitafuta picha, ukaikata pembeni, ukaituma, kisha ukapokea na shukrani zangu. Umenisaliti, Dada. Mimi sina macho mengine huko nyumbani.

Tangu siku hiyo sina amani. Ni miezi miwili sasa, tangu kabla ya picha hiyo, kila nikiomba kuongea na Mama unasema yuko kwenye sala za jumuiya, au ameenda Gwata kwa mama mdogo, lakini presha yake iko sawa. Nilikuwa nashusha pumzi na kurudi kazini. Sasa najiuliza umenificha nini kingine ili nisiumie.

Nisalimie shemeji, watoto, na mama mdogo ukimwona. Salamu za Mama sikupi wewe. Jumapili baada ya misa nitapiga. Usinieleze hali yake. Mpe simu nimsikie mwenyewe.

Mimi mdogo wako,
Agnes